Mota ya CNC Haichaguliwi kwa Sifa

Wasee, kuna swali mnaniuliza kila wiki: nikitaka kujijengea kamashine kadogo ka CNC ka kukata mbao, ninunue mota gani? Stepa au sevo? Jibu langu huwa refu, kwa sababu swali hilo lina zaidi ya miaka 70 na liliwasumbua watu waliotuzidi pesa mbali sana.

Tuanzie Traverse City, Michigan, kule Marekani. Miaka ya 1940 jamaa anaitwa John Parsons alikuwa akitengeneza mapanga ya helikopta, na umbo lake lilitaka usahihi mkali. Yeye na injinia wake, Frank Stulen, wakatumia mashine za IBM za kadi zenye matundu kupiga hesabu ya pointi nyingi kwenye ule mkunjo. Kisha mtu mmoja anasoma namba kwa sauti, wawili wanazungusha mikono ya mashine, kila mmoja na mhimili wake. Yaani mota za kwanza za kazi hii zilikuwa binadamu. Na binadamu ana macho: akizungusha, anaangalia kipimo kama kweli amefika.

Mwaka 1949 Parsons akapata kandarasi ya Jeshi la Anga, akaileta MIT imsaidie. Baadaye MIT ikaendelea na jeshi moja kwa moja, yeye akabaki nje. Mashine ikaonyeshwa mwaka 1952, ikiongozwa na utepe wa matundu. Kontrola yake ilikuwa na valvu 292 na ilichukua nafasi kubwa kuliko mashine yenyewe. Mota zilikuwa za sevo, maana yake kila mhimili ulirudisha habari: nimefika, sijafika. Yale macho ya binadamu yaligeuzwa kuwa umeme, na bei yake ililipwa na jeshi.

Parsons hakuwa na digrii. Mimi niliyeacha chuo naipenda sana hiyo sehemu, lakini tusidanganyane: hakuwa na digrii, ila hesabu hakuziruka. Alimwajiri Stulen azifanye.

Sasa twende Japani. Kampuni ya Fujitsu ilikuwa na injinia anaitwa Seiuemon Inaba. Mwaka 1959 timu yake ikatoa mota ya aina yake: stepa ndogo inafungua vali, mafuta yenye shinikizo yanasukuma mzigo. Unaituma hatua, inaenda hatua. Haihitaji kurudisha habari, kwa hivyo ni rahisi zaidi kuongoza. Kitengo hicho ndicho kilichokuja kuwa Fanuc, jina ambalo leo viwanda vyote vinalijua. Lakini mwaka 1973 bei ya mafuta duniani ikapaa, na ule mfumo wa mafuta ulikuwa unakula nishati vibaya. Mwaka 1974 Inaba akachukua leseni ya sevo za umeme kutoka kampuni ya Gettys ya Marekani. Aliuweka kando uvumbuzi wake mwenyewe! Hakushikilia mota kwa sababu ni yake. Aliangalia kazi na gharama.

Sisi wa nyumbani tuliingia kwa mlango mwingine. Mwaka 2005 Arduino ilianzia Ivrea, Italia. Mwaka 2009 Simen Svale Skogsrud wa Norwei akaanzisha GRBL, programu ya bure ya kuongoza CNC. Leo inakaa kwenye chipu ya Arduino Uno yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32 tu. Kabati la valvu 292 limeingia kiganjani. Lakini bodi hiyo kazi yake ni kutuma hatua. Haina macho ya kujua kama mota imefika.

Hapo ndipo pesa za watu hupotelea. Stepa ya kawaida ina hatua 200 kwa mzunguko. Ukiifunga kwenye skrubu inayosogea milimita 8 kwa mzunguko, kila hatua ni milimita 0.04. Safi kabisa kwa mbao. Ila kisu kikikwama, mota inaruka hatua, bodi haijui, na inaendelea kukata mahali pasipofaa kwa ujasiri wote. Nguvu ya stepa pia hushuka kadiri inavyozunguka kasi. Volti za juu kwenye draiva husaidia, kwa sababu koili hujaa mkondo haraka zaidi.

Halafu hii NEMA. NEMA 17 ama 23 si kipimo cha nguvu. Ni ukubwa wa uso wa mota: inchi 1.7, inchi 2.3. Nguvu na ampea zasome kwenye karatasi ya mtengenezaji. Draiva ndogo ya A4988 mwisho wake ni kama ampea 2 kwa koili, tena ikipozwa vizuri. Ukiipachika mota inayotaka ampea 3, hutapata ile nguvu uliyolipia. Na usichomoe waya wa mota umeme ukiwa umewaka, draiva inakufa hapo hapo.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa mashine hii, heshima kwao, asiyechagua ndiye hatavuna. Chama chetu cha vijana wanne kimeweka akiba kikate mabango ya maduka. Mmoja wetu anataka sevo kwa sababu ndizo za viwandani. Mimi kura yangu ni stepa za NEMA 23, draiva zinazobeba ampea zake, na swichi za mwisho wa mhimili. Hizo swichi si anasa: stima ikipotea katikati ya kazi, mashine husahau iko wapi, na bila swichi huna njia ya uhakika ya kuirudisha ilipoanzia.

Tukianza kukata chuma siku moja, ama wateja wakizidi, tutahamia sevo bila kuona haya. Inaba alihama, na mota ya kwanza alikuwa ameiunda mwenyewe. Wewe yako unaikatia nini? Anza kwa kujibu hilo, bei tutaongea baadaye.