Mbwa Mwitu wa Marekani: Serikali Iliyomuua Ndiyo Iliyomrudisha

Ukisikia "mbwa mwitu", huenda unamwona yule mnyama wa madoadoa na masikio makubwa ya duara anayewinda kwa kundi kule Ruaha au Nyerere. Leo tumzungumzie ndugu yake wa mbali, yule wa kijivu wa Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini, ambaye Biblia ya Kiswahili inamwita kwa jina hilo hilo. Historia yake nchini Marekani inaleta swali linalotuhusu hata sisi: mnyama akishalindwa kwenye karatasi, porini analindwa na nani?

Miaka 300 ya kumtafuta auawe

Mwaka 1630 koloni la Massachusetts Bay, likiwa bado changa kabisa, liliweka zawadi ya pesa kwa atakayeua mbwa mwitu. Sababu yake inaeleweka. Walowezi walikuja na ng'ombe, kondoo na nguruwe, na kwa familia inayoanza maisha, kuliwa mfugo mmoja ni pigo.

Tatizo likakua walipohamia magharibi. Katika karne ya 19 nyati wa Marekani waliuawa kwa mamilioni, na mahali pao pakajazwa ng'ombe. Mbwa mwitu alikuwa akila nyati. Nyati alipokwisha, akageukia ng'ombe, na hapo ndipo chuki ilipochemka kwelikweli: bunduki, mitego, mizoga iliyotiwa sumu.

Mwaka 1915 Bunge la Marekani likatenga dola 125,000 ili serikali yenyewe iajiri wawindaji wa kumwangamiza. Usidhani hifadhi za taifa zilikuwa salama. Yellowstone ilikuwa hifadhi tangu 1872, lakini kati ya 1914 na 1926 mbwa mwitu wasiopungua 136 waliuawa humo humo ndani. Wakati ule mnyama "mzuri" alikuwa mla majani, mfano kulungu wakubwa waitwao elki, na mla nyama alihesabiwa kama mharibifu tu. Mwaka 1926 watoto wawili walinaswa na kuuawa. Baada ya hapo, Yellowstone haikuwa tena na makundi ya mbwa mwitu.

Sayansi inaingia

Aliyesaidia kubadili mawazo ni mwanabiolojia Adolph Murie. Kule Mount McKinley, Alaska, alichambua vinyesi vya mbwa mwitu na kukagua mafuvu ya mamia ya kondoo wa porini. Kitabu chake cha 1944 kilionyesha kwamba wengi wa kondoo waliokufa walikuwa wadogo sana, wazee au wagonjwa. Kwa hiyo picha ya jambazi anayemaliza kila kitu haikulingana na ushahidi.

Sheria ilichelewa. Sheria ya Viumbe Walio Hatarini ilitiwa saini Desemba 1973. Katika majimbo 48, ukiacha Alaska na Hawaii, makundi yalikuwa yamebaki kaskazini mwa Minnesota na kwenye kisiwa cha Isle Royale tu. Kisha mwaka 1995 wakaletwa 14 kutoka Kanada hadi Yellowstone, na mwaka 1996 wengine 17. Serikali iliyolipa wauaji sasa ikawa inalipia usafiri.

Risasi moja

Aprili 1995, wiki chache baada ya kuachiwa, dume aliyepewa namba 10 alipigwa risasi karibu na mji wa Red Lodge, Montana, nje ya hifadhi. Mwenzake, jike namba 9, alizaa watoto wanane. Kwa kuwa hakukuwa na dume wa kuwaletea chakula, wataalamu waliwabeba wote, mama na watoto, wakawarudisha kwenye ua wa waya ndani ya hifadhi.

Mpigaji alikamatwa. Akajitetea kwamba alidhani ni mbwa tu. Mahakama haikumkubalia, alihukumiwa, na mwaka 1998 mahakama ya rufaa ikasema hukumu ni halali. Lakini baadaye Wizara ya Sheria ikawaelekeza mawakili wake wasifungue kesi za namna hii kama hawawezi kuthibitisha kwamba mshtakiwa alijua ni mnyama gani anampiga. Umeona mwanya ulipo? Sheria ni ile ile, adhabu ni ile ile, ila mtu akisema "nilidhani ni mbwa", kazi ya kumshtaki inakuwa ngumu mno.

Na hata ulinzi wenyewe unaweza kuondolewa. Mwaka 2011 Bunge liliuondoa Montana na Idaho kwa kifungu kilichochomekwa ndani ya sheria ya bajeti. Februari 2021, ulinzi ulipoondolewa karibu nchi nzima, Wisconsin iliruhusu wawindaji wake kuua 119. Waliua 218, tena kwa muda usiofika siku tatu. Mwaka mmoja baadaye mahakama ikarudisha ulinzi sehemu kubwa ya nchi, ila si kwenye majimbo yanayoizunguka Yellowstone. Majira ya baridi ya 2021 hadi 2022, mbwa mwitu 25 wa hifadhi hiyo waliuawa walipovuka mpaka.

Anayelipa gharama

Ukiangalia vizuri, hoja inarudi kwa mfugaji yule yule wa 1630. Mtu wa mjini anafurahia mbwa mwitu, mfugaji anahesabu ndama. Shirika la Defenders of Wildlife lililiona hilo, na tangu 1987 likaanza kuwalipa wafugaji waliopoteza mifugo.

Kwetu mambo hayako mbali. Mbwa mwitu wetu walitoweka Serengeti mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kuanzia 2012 wakarudishwa wengine kutoka Loliondo, ambako walikuwa wakigombana na wafugaji. Tanzania mtu aliyeharibiwa mali na wanyamapori hupewa "kifuta jasho", na aliyejeruhiwa au kufiwa, "kifuta machozi". Majina yenyewe yanakiri kwamba hiyo si fidia kamili. Jasho linafutwa, lakini mbuzi hawarudi.

Kwa hiyo ukisoma kwamba mnyama fulani "analindwa kisheria", uliza maswali mawili zaidi. Je, aliyemuua anaweza kweli kushtakiwa? Na anayeishi naye jirani, hasara yake anaibeba nani?