MASHIRIKA YANAYOITETEA ISRAEL: NI AKINA NANI, WANAFANYAJE KAZI?

Leo naomba nitoke kidogo kwenye foleni ya malori hapa mpakani niongelee kitu ambacho kimenikaa moyoni.

Miezi michache iliyopita nilipata kibarua cha kutafsiri kipeperushi cha semina ya vijana hapa Tunduma. Kurasa mbili, elfu kumi na tano. Nikakaa kafe saa mbili, nikamaliza, nikalipwa, nikaenda kula chipsi. Ndani yake kulikuwa na mstari unaosema kwamba kabla ya mwaka 1948 nchi ile ilikuwa tupu, haina watu. Nikautafsiri hivyo hivyo. Kipeperushi kikabandikwa mpaka kijiweni kwetu. Rafiki yangu mmoja Mwislamu, ambaye nimesoma naye tangu darasa la kwanza, akakisoma, akaniuliza swali moja tu: "We ulihakikisha?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo chai hatunywi tena kama zamani. Ndo maana nikaanza kusoma. Nilichokipata hiki hapa, labda kitamsaidia na mwingine.

MAANA YAKE

Ni mashirika yasiyotafuta faida ambayo kazi yake ni kuelimisha na kushawishi watu waiunge mkono Dola ya Israel. Wengi wanadhani ni serikali ya Israel yenyewe. Hapana, ingawa mengine yanashirikiana nayo kwa karibu. Waisraeli wana neno lao, hasbara, maana yake kueleza au kufafanua. Wanalitumia kwa kazi ya kueleza msimamo wa nchi yao kwa walimwengu.

Kwa kifupi yapo ya aina tatu:

1. Ya siasa. Linalojulikana zaidi ni AIPAC la Marekani, lililotokana na kazi aliyoianza Isaiah Kenen miaka ya 1950. Linashawishi wabunge wa Marekani wapitishe misaada na sheria zinazoisaidia Israel.

2. Ya wanafunzi. Mfano StandWithUs, lililoanzishwa Los Angeles mwaka 2001. Linatoa vijitabu na semina, na linafundisha vijana wa sekondari na vyuo namna ya kujibu hoja.

3. Ya Kikristo. International Christian Embassy Jerusalem lilianzishwa mwaka 1980, pale nchi kadhaa zilipohamishia balozi zao Tel Aviv baada ya Israel kupitisha sheria kwamba Yerusalemu yote ni mji mkuu wake. Kila mwaka linakusanya Wakristo wa mataifa mengi Yerusalemu wakati wa Sikukuu ya Vibanda. Lingine ni Christians United for Israel, lililoanzishwa mwaka 2006 na mchungaji John Hagee wa Texas.

Hii aina ya tatu ndo iko karibu na sisi. Songwe na Mbeya ni mikoa ya makanisa. Bendera yenye nyota utaiona kwenye kioo cha lori linaloenda Zambia, na dereva wake hajawahi kukutana na shirika lolote. Israel ameijua Sunday school. Kwa hiyo anayekuja na semina anakuta shamba limeshalimwa, yeye anapanda tu.

SISI NA ISRAEL TUMETOKA MBALI

Mwaka 1903 Waingereza waliwapa viongozi wa Kizayuni wazo la Wayahudi kuhamia Uasin Gishu, upande wa Eldoret ya leo. Mkutano mkuu wa Wazayuni ulikataa mwaka 1905. Hebu fikiria wangekubali!

Baada ya uhuru wataalamu wa Israel walikuja Tanganyika kusaidia mambo ya ushirika na mafunzo ya vijana. Vita vya mwaka 1967 vikaharibu mambo, na Oktoba 1973 Tanzania ikavunja uhusiano, kama zilivyofanya nchi nyingi za Afrika. Mwaka 1988 tukaitambua Dola ya Palestina. Mwaka 1995 uhusiano na Israel ukarudi, na mwaka 2018 tukafungua ubalozi Tel Aviv. Kwa hiyo Tanzania inazitambua zote mbili. Ukiambiwa "mzalendo lazima awe upande huu", jua serikali yenyewe haijasema hivyo.

Halafu ikaja Oktoba 7, 2023. Hamas na wenzake walishambulia Israel, watu wapatao 1,200 wakauawa na 251 wakachukuliwa mateka. Kati ya waliouawa walikuwemo Watanzania wawili waliokwenda kujifunza kilimo kwa vitendo: Clemence Mtenga, miaka 22, na Joshua Mollel, miaka 21. Walikuwa wamefika wiki chache tu kabla. Mwili wa Joshua ulishikiliwa Gaza mpaka Novemba 2025. Umri wao ni wetu huu huu, na ndoto ni ile ile ya kutafuta maisha. Hawakuwa wanasiasa.

WANASEMA NINI, WANAPINGWA KWA NINI

Mashirika haya yanasema Wayahudi wana asili katika nchi ile tangu kale, kwamba waliuawa milioni 6 Ulaya na Wanazi kwa hiyo wanahitaji nchi ya kuwalinda, na kwamba chuki dhidi yao bado ipo. Hizi si hoja za kupuuza.

Wanaowapinga wanasema yanafundisha nusu ya hadithi. Mwaka 1948 Wapalestina zaidi ya 700,000 walikimbia au kufukuzwa makwao. Tangu 1967 Ukingo wa Magharibi uko chini ya jeshi la Israel, na makazi ya walowezi yanaongezeka. Na vita vya Gaza vilivyofuata Oktoba 2023, kwa hesabu ya wizara ya afya ya Gaza, vilikuwa vimeua zaidi ya watu 70,000 kufikia mwisho wa 2025. Afrika Kusini iliishtaki Israel kwa mauaji ya kimbari kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki Desemba 2023. Israel inakanusha.

Sasa ule mstari wangu. Mwaka 1947 nchi ile ilikuwa na watu karibu milioni 1.9, kama theluthi mbili Waarabu na theluthi moja Wayahudi. Haikuwa tupu hata kidogo. Na wale wanaosema hakukuwa na Wayahudi pale kabla ya 1948, nao wanadanganya. Halafu hii si mechi ya Wakristo na Waislamu: Bethlehemu kuna Wapalestina Wakristo, na ndani ya Israel karibu mtu mmoja kati ya watano ni Mwarabu.

UKIALIKWA SEMINA

Nenda tu, kusikiliza si dhambi. Ila uliza haya:

- Shirika limesajiliwa wapi? Kwetu NGO zinasajiliwa kwa Sheria Na. 24 ya mwaka 2002.
- Nani analipia? Chakula cha bure na safari ya bure vina mwenyewe.
- Israel gani inaongelewa: ya Biblia, au dola iliyotangazwa Mei 14, 1948? Wengi wanaruka kutoka moja kwenda nyingine bila kukwambia.
- Wapalestina wametajwa kama watu, au kama tatizo?
- Ukiahidiwa nafasi ya kwenda Israel, ulizia wizarani kabla hujatoa hata shilingi.

Na maswali hayo hayo uyaulize semina ya upande wa pili. Wao pia wana vipeperushi.

Makala hii niliichapa kwanza kwenye karatasi nikampelekea rafiki yangu. Alisoma yote kimya. Akasema pale kwa vijana wetu wawili nimefanya vizuri kutaja majina. Halafu akaniuliza kama kile kipeperushi bado kiko ukutani. Tukaenda wote tukakibandua, jioni tukanywa chai. Aliyenipa ile kazi nimeshamwambia, na yeye kasema atarekebisha. Nasubiri.

Nawasilisha. Hoja ruksa hapo chini, matusi hapana.