Namba Ile ya Kwenye Kona ya Skrini

Wadau, nimekuwa kimya kidogo. Si kazi iliyonibana, dedilaini zangu zote nimezimaliza. Nilizama kwenye simuleta ya ndege, lile gemu lisilo na risasi wala adui, ambalo mtu anakaa saa nzima anatazama mawingu na anaridhika. Mhariri wangu akisikia atacheka mpaka kesho. Lakini nimepoteza fedha humo, na mwandishi wa habari akipoteza fedha lazima aulize zimekwendaje.

Mwaka jana nilijinyima miezi mitano nikanunua kadi ya picha ya kompyuta Kariakoo. Sababu ilikuwa namba. Katika Microsoft Flight Simulator X ukibonyeza Shift na Z, juu kwenye kona ya skrini inatokea namba inayokuambia kompyuta yako inachora picha ngapi kwa sekunde. Picha hizo tunaziita fremu. Yangu ilisoma 25. Nikitazama video za wenzetu wa Ulaya naona 60, naona 70. Nikajiona maskini wa fremu.

Kadi ikafungwa. Nikarusha Caravan kutoka Dar kwenda Zanzibar, juu ya bahari namba ikagota 70, nikaipiga picha na kumtumia binamu yangu aliyesomea urubani. Kisha nikaenda kutua. Pua imeshuka, njia ya ndege inakua mbele yangu, mji uko pembeni, na hapo picha ikaganda. Kufumba na kufumbua tu. Ilipoachia nilikuwa nimeshajibamiza chini. Nikarudia mara nne, mara tatu kati ya hizo ikawa vilevile.

Jibu la binamu lilikuwa fupi: "Dogo, hiyo ni namba. Nitumie video ya kutua."

Hapo ndipo nilipoanza kuchimba. Nilichokuta ni kwamba ubishi huu una zaidi ya miaka 40, na walio wengi, mimi nikiwa mmoja wao, tumekuwa tukihesabu kitu kisicho chenyewe.

Turudi nyuma. Mwaka 1975 kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha Illinois, Bruce Artwick, aliandika tasnifu kuhusu namna ya kuchora kwa kompyuta kile anachokiona rubani akiwa angani. Baadaye kampuni yake, subLOGIC, ikatoa simuleta ya kompyuta ya nyumbani ya Apple II, mashine ambayo prosesa yake ilikwenda kwa megahezi 1 hivi. Simu ya bei rahisi kabisa pale Machinga Complex inaizidi mara elfu na ushee. Dunia ya Artwick ilikuwa mistari mitupu: mstari wa upeo wa macho, viboksi vya ardhi, milima ya pembetatu. Novemba 1982 Microsoft ikatoa toleo la IBM PC, prosesa ya megahezi 4.77, na mchezaji akaanzia kwenye kiwanja kidogo cha Meigs, kando ya ziwa mjini Chicago. Kiwanja hicho halisi hakipo tena. Meya wa mji aliagiza kichimbwe usiku wa Machi 2003, na kuna watu duniani walihuzunika sana ingawa hawajawahi kukanyaga Chicago.

Picha zilikuwa chache mno kwa sekunde. Kwa viwango vya leo ni kama kufungua albamu ukurasa kwa ukurasa. Kwa nini basi watu waliipenda kiasi kile? Nadhani sababu moja ni kwamba Cessna ni ndege ya polepole na ukiwa juu ardhi inasogea taratibu. Nyingine, ambayo ndiyo kubwa, ni kwamba ule uchache ulikuwa na mpangilio. Mashine ilichora vitu vichache, karibu vilevile kila mara, kwa muda karibu uleule. Mkono wako ulijifunza mapigo yake kama unavyojifunza mapigo ya ngoma usiyoijua.

Hesabu ya fremu kama mashindano ilikuja na gemu za kupigana risasi. Mwaka 1996 gemu la Quake lilikuwa na amri ya kupima kompyuta yako inalichezesha kwa fremu ngapi, na mwaka huohuo kampuni ya 3dfx ikaleta kadi za Voodoo. Kuanzia hapo magazeti ya kompyuta yakawa na nguzo za rangi, na mwenye nguzo ndefu ndiye mshindi. Mrusha ndege akazirithi hizo nguzo bila kuuliza. Huku kwetu tulizirithi baadaye, kupitia mashine zilizokwishatumika nje na maneno ya muuzaji.

Sasa tatizo la wastani. Chukua sekunde moja. Fremu 59 zinachorwa kila moja kwa milisekunde 15, jumla milisekunde 885. Fremu ya 60 inachukua zile 115 zilizobaki. Namba ya kwenye kona itakuambia 60, na haijasema uongo. Lakini jicho halioni 60, jicho linaona ule mgando. Ni kama daladala mbili za Mbezi kwenda Posta zilizotumia muda uleule, moja dereva wake katulia na nyingine dereva anakanyaga breki kila hatua. Muulize aliyesimama ipi ilikuwa nzuri, usimuulize mwenye saa.

Ndege ya abiria inayotua kwa noti 140 inakwenda karibu mita 72 kwa sekunde. Katika milisekunde 115 imeshasogea zaidi ya mita 8. Umbali wenyewe si shida sana. Shida ni mkono. Rubani anavuta usukani, haoni kitu, anavuta tena, picha inaachia na pua iko juu kupita kiasi, anasukuma, imeshachelewa. Wenye simuleta za kufundishia marubani walilijua hili zamani. Kanuni za Marekani kwa simuleta za daraja la juu kabisa zilitaka ucheleweshaji kati ya usukani na picha usizidi milisekunde 150. Angalia kipimo chao: wanapima muda tangu mkono utende mpaka jicho lione. Hakuna anayepewa leseni kwa sababu wastani wake ni mzuri.

Mtu ataniuliza, mbona sinema ni fremu 24 na hatulalamiki? Nilijiuliza hivyo pia, na kuna rafiki yangu bado anashikilia kwamba jicho la binadamu haliwezi kuona zaidi ya hapo. Si kweli. Kamera ya sinema ikichukua fremu inaacha lango wazi kwa sehemu ya muda, mara nyingi nusu, kwa hiyo kitu kinachokimbia kinatoka na ukungu kidogo na macho yanauunganisha. Halafu mitambo ya ukumbini iliimulika kila fremu mara mbili au tatu ili mwanga usicheze. Na kikubwa zaidi, hizo 24 zinakuja kwa vipindi sawasawa, hazichelewi hata moja. Fremu ya kompyuta imekatwa kwa wembe, haina ukungu wowote usipoongezewa, na inakuja ikitaka.

Tufike kwenye FSX yenyewe, maana ndiyo iliyonilia fedha. Ilitoka Oktoba 2006. Ilikuwa imejengwa kutegemea prosesa moja yenye nguvu, kwa matumaini ya kawaida ya miaka ile kwamba kila mwaka prosesa zitazidi kukimbia. Lakini mwaka huohuo Intel walikuwa wamegeuza njia: badala ya kiini kimoja cha mbio wakaleta viini viwili vya mwendo wa wastani. FSX ikabaki na kazi yote begani mwa kiini kimoja huku kingine kikipunga upepo. Mei 2007 walitoa kiraka kilichowapa viini vingine kazi ya kuandaa ardhi, lakini mzigo mkuu ulibaki palepale. Kwa maneno mengine, kadi yangu ya Kariakoo nilimnunulia mfanyakazi ambaye hakuwa amechoka.

Juu ya bahari hakuna nyumba wala miti ya kuandaa, ndiyo maana niliona 70. Karibu na mji kiini kile kinatakiwa kupakia majengo, ardhi na ndege nyingine kwa wakati mmoja, na fremu moja moja zinachelewa. Wazee wa FSX walikuwa na dawa ambayo ukiisikia mara ya kwanza unaona ni uchawi. Kwenye mipangilio weka kikomo, fremu 30, hata kama mashine inaweza 70. Ukiiacha bila kikomo inachora kwa pupa, inasahau kuandaa ardhi ya mbele, na ardhi hiyo inakuja na ukungu au kwa kishindo. Ukiifunga 30, ule muda unaobaki inautumia kuandaa.

Na kuna skrini. Skrini nyingi zinajichora upya mara 60 kwa sekunde. Fremu 30 zinaingia humo kwa usawa, kila moja inakaa mizunguko miwili. Fremu 45 hazigawanyiki. Nyingine inakaa mzunguko mmoja, nyingine miwili, na jicho linahisi kuchechemea. Ndiyo kusema 45 inaweza kuwa mbaya kuliko 30. Mwaka 2013 Nvidia walitangaza skrini za G-Sync, ambazo zinaisubiri kadi badala ya kadi kuisubiri skrini. Mapema 2014 AMD wakaja na FreeSync. Tatizo hilo likapungua kwa wenye nazo. Skrini yangu mimi ilitoka kwenye ofisi iliyokuwa inahama.

X-Plane ya Austin Meyer, iliyoanza 1995, ilichagua njia yake. Fremu zikishuka chini ya 20 hivi, inapunguza mwendo wa muda wenyewe ili ndege isiruke vibaya. Unaweza kuwa unaruka kwa saa moja ya ukutani na ndani ya simuleta zimepita dakika 50. Mimi naiona ni ya kistaarabu, ingawa waliokuwa wakiruka pamoja kwa mtandao walikuwa wakigombana.

Waandishi wenzangu, yaani wa magazeti ya kompyuta, waliamka mwaka 2011, pale Scott Wasson wa The Tech Report alipoandika kwamba kuhesabu fremu kwa sekunde kunaficha mambo, tupime kila fremu imechukua milisekunde ngapi na tuangalie zile mbaya zaidi. Jambo rahisi hivyo, na lilikuwa limesubiri miaka 15 tangu Quake. Sina ubavu wa kuwacheka. Ni mara ngapi tumeandika wastani wa matokeo ya mtihani, tusiulize ni shule zipi zilizoganda?

Kisha Agosti 2020 ikaja Microsoft Flight Simulator mpya, dunia nzima kutoka kwenye picha za setilaiti, zaidi ya petabaiti 2, ikimiminwa kwa intaneti. Kwa hiyo mgando sasa unaweza kutoka hata kwenye bando. Na tangu 2022 kuna kadi zinazobuni fremu zenyewe katikati ya mbili halisi. Namba inaruka karibu mara mbili, picha inaonekana laini, lakini mkono wako haujajibiwa haraka zaidi hata kidogo, kwa sababu fremu ya katikati haijui umevuta usukani. Namba ya kwenye kona imeanza kuhesabu hata fremu ambazo ndege haikuzipitia.

Binamu alikuja Jumapili. Hakuigusa kadi. Aliweka kikomo cha 30, akapunguza majengo ya mjini na magari ya barabarani, akabonyeza Shift na Z mpaka namba ikapotea. "Rubani anatazama mwisho wa njia, hatazami kona," akasema. Nilitua Zanzibar mara sita. Mara ya pili niliruka kama chura, hilo ni kosa langu mwenyewe. Nyingine zote magurudumu yaligusa pale nilipokusudia, na nikahisi mkono na picha vinaongea lugha moja.

Kadi nimeiuza kwa hasara kwa jamaa anayecheza gemu la mpira. Jana amenitumia picha ya skrini. Kwenye kona imeandikwa 144.