Wakili wa Serikali Mwandamizi na shauri la madai: njia ya kutoka Mkula hadi Mahakama Kuu

Mkula ni kata ya Wilaya ya Kilombero, mkoani Morogoro, iliyo chini ya Milima ya Udzungwa kando ya barabara itokayo Kidatu kwenda Ifakara. Wakazi wake hulima mpunga, sehemu yake kwa maji ya mfereji wa umwagiliaji, pamoja na miwa na mazao mengine ya bondeni. Kwa upande wa milima iko Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992. Penye ardhi iliyobanwa hivyo, mgogoro wa shamba ni nadra kubaki wa majirani wawili. Kijiji hugawa ardhi, halmashauri hupima viwanja, wakala wa barabara hulinda hifadhi ya barabara, na mamlaka ya hifadhi husimamia mpaka wake. Mwananchi anayeona amedhulumiwa na mojawapo ya vyombo hivyo ana haki ya kwenda mahakamani, na huko atakayemjibu ni Wakili wa Serikali.

Utumishi huo una ngazi zake. Mhitimu wa shahada ya sheria aliyemaliza Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo huanza akiwa Wakili wa Serikali Daraja la II, hupanda hadi Daraja la I, kisha huwa Wakili wa Serikali Mwandamizi. Mwandamizi ndiye kwa kawaida anayebeba jalada gumu la madai tangu notisi inapopokelewa hadi hukumu, na mara nyingi hadi Mahakama ya Rufani, huku akiwaongoza mawakili wa ngazi za chini.

Hadi mwanzoni mwa mwaka 2018 kazi hiyo ilifanywa ndani ya Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Mwezi Februari mwaka huo majukumu yaligawanywa. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu ilibaki na ushauri, uandishi wa sheria na upekuzi wa mikataba. Jinai zikaenda Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Na kwa Tangazo la Serikali Na. 50 ikaundwa Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, inayoendesha mashauri ya madai na usuluhishi kwa niaba ya Serikali na taasisi zake.

Haki ya kuishtaki Serikali haikuwa wazi hivi siku zote. Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5, ilitungwa mwaka 1967, na kwa muda mrefu mdai alitakiwa kupata kwanza ridhaa ya Serikali yenyewe ndipo afungue shauri. Mwaka 1993, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun na mwenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu, Mahakama ya Rufani ilitamka kuwa sharti hilo linakwenda kinyume cha Katiba. Bunge lilirekebisha sheria mwaka 1994, na mahali pa ridhaa pakawekwa notisi ya siku 90.

Marekebisho mengine makubwa yalifanyika mwaka 2020, na hayo ndiyo yanayowagusa zaidi wananchi wa vijijini. Neno "Serikali" katika sheria hiyo sasa linajumuisha wizara, mamlaka za serikali za mitaa, wakala za Serikali na mashirika ya umma. Ibara ya 145 ya Katiba inataja vyombo vya serikali za mitaa katika kila mkoa, wilaya, mji na kijiji; kwa msingi huo halmashauri ya kijiji nayo imo. Anayekusudia kuishtaki humpa mdaiwa notisi ya siku 90 inayoeleza msingi wa madai, na nakala yake huifikisha kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na kwa Wakili Mkuu wa Serikali. Muda huo ukiisha, humshtaki mdaiwa pamoja na Mwanasheria Mkuu, na hufungua shauri Mahakama Kuu, si kwingineko. Mwanasheria Mkuu asipounganishwa, mwenendo mzima wa shauri huwa batili.

Ichukuliwe kwamba mkulima wa Mkula anadai kuwa halmashauri ya kijiji chake imempa mtu mwingine shamba alilolilima kwa miaka mingi. Akiwa na ugomvi na jirani tu, angeanzia Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 hupatanisha bila kuamua, na upatanishi ukishindikana angekwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Lakini mara anapoitaja halmashauri ya kijiji kuwa mdaiwa, njia inabadilika. Baraza la Wilaya halina tena mamlaka, hata kama liko karibu na hata kama mashahidi wote wapo tayari. Mahali pake ni Mahakama Kuu, Masjala ya Morogoro.

Hapa ndipo wengi hupoteza. Wakili wa Serikali akiona shauri limefunguliwa pasipostahili, au bila notisi, huweka pingamizi la awali, na pingamizi likikubaliwa shauri huondolewa mahakamani bila shahidi hata mmoja kusikilizwa. Mkulima anaruhusiwa kuanza upya, ila muda nao huwa umekwenda. Madai ya kurejeshewa ardhi yana ukomo wa miaka 12. Madai ya fidia kwa madhara, kama mazao yaliyoharibiwa, yana ukomo wa miaka mitatu tu, na miaka miwili ya kuhangaika katika baraza lisilo na mamlaka ni sehemu kubwa ya muda huo. Kuweka pingamizi ni wajibu wa wakili, kwa kuwa mahakama haiwezi kujipa mamlaka isiyonayo. Hata hivyo, ushindi wa aina hiyo haumalizi mgogoro; shamba hubaki na watu wawili wanaolidai.

Notisi ikitolewa ipasavyo, siku 90 huwa na maana kwa pande zote mbili. Wakili Mwandamizi huiandikia taasisi inayolalamikiwa akitaka maelezo na nyaraka. Kwa ardhi ya kijiji, waraka wa kwanza anaouulizia ni muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo. Muhtasari ukiwepo, wenye tarehe, mahudhurio na saini, utetezi una mguu wa kusimamia. Usipokuwepo, au ukionekana umeandikwa baada ya ugomvi kuanza, hakuna ufasaha wa mahakamani utakaoziba pengo hilo. Kwa sababu hiyo daftari la mihtasari linalotunzwa na mtendaji wa kijiji lina uzito kuliko watendaji wengi wanavyolichukulia.

Wakili anayegundua mapema kwamba taasisi ilikosea hupaswa kuieleza hivyo na kushauri maridhiano. Anayeshikilia shauri bovu kwa miaka mitano huiongezea Serikali fidia na gharama zinazolipwa na walipakodi, miongoni mwao mdai mwenyewe. Siku 90 zinazopita bila taasisi kujibu barua ni hasara ambayo wakili hawezi kuifidia baadaye.

Mdai naye ana hofu yake: je, trekta likiingia shambani kabla notisi haijaisha? Mahakama Kuu hupokea ombi la kudumisha hali ilivyo katika kipindi hicho, ambalo wanasheria huliita Mareva, jina lililotokana na shauri la meli lililoamuliwa Uingereza mwaka 1975. Mwombaji lazima aoneshe kwamba ana hoja ya kusikilizwa na kwamba madhara yanayomkabili hayataweza kufidiwa kwa fedha.

Shauri likishafunguliwa, utetezi wa maandishi huwasilishwa ndani ya siku 21 tangu mdaiwa kupata hati ya wito. Hufuata upatanishi wa mahakama, kisha ushahidi. Katika migogoro ya mipaka jaji anaweza kuamua kwenda kuliona eneo lenyewe, na wakili ambaye hajawahi kukanyaga shamba linalogombaniwa hujulikana siku hiyo. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama, hivyo mdai anaweza kuandika madai yake kwa lugha anayoielewa.

Mdai akishinda, hawezi kumtuma dalali kukamata gari la halmashauri wala samani za ofisi ya kijiji. Mali ya Serikali haikamatwi. Mahakama hutoa hati inayothibitisha kiasi kinachodaiwa, na malipo hufanywa kupitia utaratibu wa fedha za umma. Vivyo hivyo, badala ya kuiamuru Serikali kuachia ardhi, mahakama hutamka nani mwenye haki juu yake, na Serikali hutarajiwa kulitii tamko hilo.

Mwananchi asiye na uwezo wa kumlipa wakili wa kujitegemea anaweza kupata msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria, Na. 1 ya mwaka 2017. Wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa hawamwakilishi mtu mahakamani, lakini humweleza utaratibu, humwelekeza pa kupeleka notisi na humwunganisha na watoa huduma wenye mawakili. Kwa mkazi wa Mkula, wakati wa kuwaona ni kabla ya kulipa ada ya kufungua shauri lolote, akiwa na nyaraka zake zote mkononi, pamoja na tarehe halisi ambayo mgogoro ulianza.