Kutoka Mafuta, Si za Mafuta

Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 gesi ililipuka Mradi, Embakasi, jijini Nairobi, na zaidi ya watu 200 wakajeruhiwa, wengi wao kwa moto. Anayemuuguza mtu aliyeungua hugundua upesi jinsi Kiswahili kilivyo tajiri katika mambo ya ngozi. Jeraha ni la leo. Likikaa, huwa kidonda. Kidonda hutunga usaha, hufanya kigaga, huota nyama mpya, hufunga, huacha kovu, au hukataa. Kikikataa kwa miezi, kama vinavyokataa vya miguuni mwa wenye kisukari, huitwa donda ndugu, jina ambalo masikioni mwangu linakiri kwamba ugonjwa umehamia na kuwa wa nyumbani.

Katika msamiati huu uliokomaa kumeingia mgeni. Watafiti huchukua mafuta ya tumboni au pajani mwa mtu, wakatenga seli fulani zilizomo na kuziweka kwenye kidonda kilichokataa kupona. Tuziiteje? Njia ya mkato ni kusema "seli za mafuta", na njia hiyo naikataa kabisa.

Seli yenyewe tuiache. Najua kwamba mtu wa Jericho au Kayole akisikia seli hufikiria kwanza kituo cha polisi, na hakosei: Robert Hooke alipotazama gome la mti kwa hadubini na kuchapisha aliyoyaona mwaka 1665, vijumba alivyoviona alivipa jina la vyumba vidogo, na chumba cha mahabusu kinatumia jina hilohilo. Wapo wanaopenda chembe, na chembechembe za damu zimezoeleka. Lakini Watanzania wameshatuonyesha njia kwa selimundu, jina la ugonjwa wa damu: seli ya kigeni ikabebeshwa mundu wa shambani, na neno likaingia kliniki bila kusukumwa. Seli shina, jina la aina ya seli tunazozizungumzia, inafuata nyayo hizohizo.

Shina ndilo neno ninalolipenda zaidi katika habari hii yote. Mkenya analijua kwa siasa za mashinani, na kila aliyekaa darasa la sarufi analijua pia: shina la kitenzi hupokea viambishi likazaa maneno. Piga hutoa pigia, pigana, pigisha, pigiana. Kinachoongezwa ndicho kinachoamua maana. Mwaka 2001 Patricia Zuk na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walieleza kwamba mafuta yaliyofyonzwa mwilini yana seli zinazoweza, zikipewa maelekezo tofauti maabara, kuelekea kuwa mfupa, gegedu, msuli au mafuta. Ni vigumu kupata neno linalozifaa kuliko shina.

Tatizo ni mafuta. Kwenye ploti moja ya Umoja kuna mafuta ya kupikia, mafuta ya taa, mafuta ya kujipaka, na Jumapili mafuta ya upako. Stovu ya mafuta ya taa ikimuunguza mtoto, kuna jirani atakayekimbilia mafuta ya kumpaka, ilhali kinachotakiwa ni maji baridi ya bomba kwa dakika 20. Mama wa mtoto huyo akiambiwa kuna tiba ya seli za mafuta, atasikia marhamu. Mwanabiolojia naye atasikia zile seli zinazohifadhi mafuta, ambazo si hizi.

Tazama yanayofanyika maabara. Mafuta ya manjano yaliyofyonzwa huoshwa kwa maji ya chumvi hadi damu iishe. Hutiwa kimeng'enya kinachoyeyusha nyuzi za kolajeni zilizoyashikilia, kisha chombo huzungushwa kwa kasi kwenye mashine. Kinapotulia, mafuta yameelea juu, na chini kabisa pametuama tonge dogo lenye wekundu. Seli shina zimo katika tonge hilo. Yale mafuta ya juu humwagwa! Tukisema seli za mafuta tumezipa jina la kitu kilichotupwa.

Shahamu, yaani mafuta ya mwilini, ingetufaa, na ni neno zuri, lakini mgonjwa asiyelijua atahitaji mkalimani ndani ya lugha yake mwenyewe. Pale soko la nyama la Burma wateja husema mafuta tu. Basi mafuta yabaki, tubadilishe kihusishi: seli shina kutoka mafuta ya mwilini. "Za" hubeba uhusiano wa kila aina; "kutoka" hubeba chimbuko peke yake, tena humlazimu msemaji kujibu swali moja: kutoka kwa nani? Si swali dogo. Mwaka 2019 watafiti wa Korea Kusini walitoa matokeo ya wagonjwa 59 wa kisukari wenye vidonda miguuni. Kufikia wiki ya 12 vidonda vilikuwa vimefunga kabisa kwa asilimia 82 ya waliowekewa jeli yenye seli hizi, na asilimia 53 ya waliofunikwa vidonda kwa utando wa poliurethani usio na seli. Seli zile zilikuwa zimetoka kwa watu wengine.

Kitenzi nacho kichaguliwe kwa uangalifu. Kuponya kumejaa kwenye mabango ya mikutano ya injili. Seli hizi hutoa kemikali zinazoita mishipa mipya ya damu na kutuliza uvimbe; mwili ndio unaopona. Na si kila mara: dawa ya seli shina kutoka mafuta iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2018 kwa fistula za ugonjwa wa utumbo wa Crohn iliondolewa sokoni mwaka 2024, baada ya utafiti mkubwa zaidi kushindwa kuonyesha faida yake. Kwa hiyo naandika "kusaidia kidonda kupona", maneno matatu badala ya moja.

Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoielewa kila inapowezekana. Fomu ya ridhaa ikifika hospitali ya Mama Lucy Kibaki au kwingineko Eastlands, ningependa isomeke hivi: "Tutachukua mafuta kidogo chini ya ngozi ya tumbo lako, tutenge seli shina kutoka humo, tuziweke kwenye kidonda chako tuone kama zitakisaidia kufunga. Huu ni utafiti." Na zikiwa si zake, paandikwe "mafuta ya mtu mwingine aliyekubali kuyatoa", kwa herufi za ukubwa uleule.