Timbo la Bamburi

Mgeni afikapo Mombasa hupelekwa Fort Jesus, ngome waliyoanza kuijenga Wareno mwaka 1593. Hupigwa picha chini ya zile pembe za Moi Avenue, zilizosimamishwa mwaka 1952 kwa ziara ya Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza. Kisha huachiwa ufuo. Siyakatai hayo. Lakini akiniuliza mimi, humwambia avuke daraja la Nyali aende Bamburi, akatazame msitu ambao watoto wengi hudhani umekuwapo tangu dunia kuumbwa.

Haukuwapo. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954, na chakula chake kilikuwa matumbawe ya kale, mwamba ulioachwa nchi kavu bahari iliporudi nyuma. Mwamba ulichimbwa hadi karibu na maji ya chini, ambayo yana chumvi, na mahali pa udongo pakabaki jiwe tupu. Miaka ile nilipokuwa chuoni nikisomea ualimu, ndugu yangu mkubwa alikuwa kibarua timboni. Alikuwa akisema kwamba jua la mle hukupiga mara mbili, juu kwa miale na chini kwa weupe wa jiwe.

Mwaka 1971 kampuni ilimwachia René Haller, bwana shamba wa Kiswisi, ajaribu kuotesha kitu. Alijaribu aina 26 za miti. Zilizostahimili ni tatu tu, minazi ikiwa mojawapo; lakini uliobeba kazi ni mvinje. Mti huu unavumilia chumvi, na katika mizizi yake wamo vijidudu vinavyovuta naitrojeni hewani na kuulisha mahali pasipo na rutuba. Mivinje ikakua haraka. Hapo likazuka tatizo ambalo, kwangu mimi mwalimu, ndilo tamu kuliko yote: majani yake membamba yalianguka yakalala palepale bila kuoza, na yasipooza hakuna udongo.

Dawa ilikuwa jongoo. Naam, jongoo huyu mwekundu wa miguu ambaye sisi humfagia barazani! Haller aliona akila majani yale, akaleta majongoo kwa mamia. Walikula, wakaacha samadi, na udongo mweusi ukaanza kujikusanya juu ya jiwe. Baadaye wakaja miti mingine, ndege, samaki wa kufugwa mabwawani na wanyama wakubwa. Nimelifundisha somo hili miaka mingi, na sijapata bado darasa lililosinzia.

Mwaka 1984 watu walifunguliwa njia ya kutembea humo, na siku hizi mahali hapo huitwa Haller Park. Jina lilivuma duniani baada ya tsunami ya Desemba 2004, pale kiboko mchanga Owen alipookolewa karibu na Malindi, akaletwa na kumganda kobe mkongwe aitwaye Mzee.

Ndugu yangu hakuingia humo hata mara moja tangu kuwe na tikiti. Alisema hawezi kulipa ili aonyeshwe shimo alilolichimba mwenyewe. Tulibishana sana. Hoja yake ilikuwa kwamba aliyepasua nguo akaishona hastahili kusifiwa kwa kushona. Yangu, kwamba pwani hii yetu imejaa mashimo ambayo hakuna aliyejisumbua kuyashona, na nyumba tuliyokaa tukibishana ilijengwa kwa saruji ileile. Katika jambo moja nilimkubalia: waliobeba miche na kuchimbua vishimo katika mwamba walikuwa wengi, na lango lina jina la mmoja.

Mwishoni mwa mwaka 2024 kiwanda kiliingia mikononi mwa kampuni ya Amsons ya Tanzania. Msitu wa namna hii haujilindi wenyewe, na sheria ya kumlazimisha mwenye timbo apande mti haina nguvu kama utashi wake. Kwa hiyo huwasihi walimu vijana wanaopeleka watoto huko wasianze na twiga. Waanze na kuta za mwamba zinazoonekana nyuma ya miti, wamwambie kila mtoto anyanyue macho apime kimo chake, kisha wafukue majani kidogo kwa kijiti, wamtafute jongoo.