Bei ya undugu katika ununuzi wa nyumba

Bei ya undugu ni bei ambayo mwenye nyumba humuuzia mtu wake wa karibu, mara nyingi mtoto, mdogo wake au mpwa, ikiwa chini ya ile ambayo angemtajia mgeni. Pengo kati ya thamani ya soko na fedha iliyolipwa ni zawadi. Nchini Marekani zawadi hiyo ina jina lake kwenye makaratasi ya benki, na huhesabiwa kama malipo ya awali ya mnunuzi. Nchini Tanzania hutolewa kila siku bila kuitwa chochote, na ugomvi mwingi unaoifuata huanzia hapo. Makala hii inaitazama kutokea Nyahanga, kata ya Manispaa ya Kahama mkoani Shinyanga.

Kahama imekuzwa na mpunga, barabara na dhahabu. Mgodi wa Bulyanhulu ulianza uzalishaji mwaka 2001, na ule wa Buzwagi, ulio jirani kabisa na mji, mwaka 2009. Buzwagi ulifungwa 2021, mwaka uleule Kahama ilipopandishwa hadhi kuwa manispaa. Mzee aliyepata kiwanja kabla ya pilikapilika hizo ameona thamani ya nyumba yake ikipanda bila yeye kuongeza tofali. Mwanawe mwalimu au mwenye kibanda cha vifaa vya simu hawezi kushindana na mfanyabiashara wa mchele wala na mchimbaji aliyetoboa. Basi mzee humshushia bei. Kumpa bure hawezi, kwa kuwa naye anahitaji fedha za matibabu au za kurudi kijijini kununua ng'ombe. Isitoshe, ndugu wengine humheshimu zaidi aliyenunua kuliko aliyepewa.

Karatasi huandikwa mezani kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mara nyingi kwenye ukurasa uliochanwa kutoka kaunta buku. Kuna jina la muuzaji na la mnunuzi, mipaka ya kiwanja (mashariki nyumba ya fulani, kusini njia ya mtaa), kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, mashahidi wa kila upande, halafu mhuri. Tuchukue mfano wa nyumba ambayo sokoni ingefika shilingi milioni 60, mzee akaiuza kwa milioni 40. Karatasi itasema milioni 40. Milioni 20 alizosamehe hazionekani popote, ingawa ndizo sababu ya biashara yote kufanyika.

Upungufu huo huonekana mzee akishafariki. Ndugu huiangalia ile milioni 40, wakailinganisha na bei za majirani, wakahitimisha kwamba baba alirubuniwa, au kwamba fedha zile zilikuwa mkopo na nyumba ilikuwa rehani tu. Sheria ya Mikataba, Sura 345, kifungu cha 25, ina majibu ya pande mbili. Mkataba haubatiliki kwa sababu tu malipo ni madogo, ilimradi ridhaa ilikuwa huru. Lakini udogo huohuo wa malipo mahakama inaweza kuuzingatia inapojiuliza kama kweli ridhaa ilikuwa huru. Kwa hiyo kuandika kwamba thamani ni milioni 60, bei ni milioni 40 na milioni 20 ni zawadi ya baba kwa mwanawe kunamlinda mnunuzi kuliko kuficha. Wengi hufanya kinyume, wakidhani tarakimu ndogo itapunguza kodi.

Haipunguzi. Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, anayehamisha mali kwa mtu mwenye uhusiano naye, au bila malipo, huchukuliwa kuwa amepokea thamani ya soko. Mkazi wa Tanzania hulipa asilimia 10 ya faida. Nyumba ambayo mtu ameimiliki na kuishi humo kwa jumla ya miaka mitatu au zaidi husamehewa, mradi faida isizidi shilingi milioni 15. Kama mzee wa mfano wetu alitumia milioni 28 kununua kiwanja na kujenga, kwa bei ya kwenye karatasi faida yake ni milioni 12 na anaona amepona. Kwa thamani ya soko faida ni milioni 32, msamaha unatoweka, na kodi inakuwa milioni 3.2. Ushuru wa stempu nao, takriban asilimia 1, hukokotolewa kwa kuangalia thamani iliyothibitishwa na mthamini. Asiye na risiti za saruji na bati za miaka hiyo yote, na ndivyo walivyo wengi waliojenga kidogo kidogo, hana pa kuonyesha gharama zake.

Ridhaa ya mke au mume si jambo la adabu tu. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuihamisha nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inadai ridhaa hiyo nyumba inapowekwa rehani. Kwenye karatasi za mtaa jina la mama mara nyingi hukaa upande wa mashahidi. Hapo si pake. Yeye ni mwenye ridhaa, na aandikwe hivyo.

Mkoa wa Shinyanga una kesi inayoonyesha kwa nini wengine huona heri kugawa mali wangali hai. Wajane wawili mafundi cherehani walipoteza makazi yao baada ya waume zao kufariki, kwa kutumiwa kanuni za urithi za kimila zilizoandikwa mwaka 1963. Mahakama Kuu iliona ubaguzi uliomo mwaka 2006 lakini haikuzifuta kanuni hizo. Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa mwaka 2010. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kutokomeza Ubaguzi dhidi ya Wanawake iliona kwamba Tanzania ilikiuka haki zao. Kilichohamishwa kwa mkataba wakati mwenye mali yu hai hakiingii kwenye mirathi, na ndiyo maana baadhi ya wanaume huwauzia binti zao kwa bei ya undugu.

Kwa Waislamu zawadi hii ni hiba, na masharti yake ni ya zamani kuliko benki yoyote: mtoaji aitoe kwa kauli, mpokeaji aikubali, kitu chenyewe kikabidhiwe. Hiba iliyotolewa katika maradhi ya mauti hufuata kipimo cha wasia, yaani theluthi moja ya mali. Ndiyo maana tarehe ya karatasi, na hali ya mzee siku ile, huulizwa sana baadaye.

Kwenye benki mambo ni magumu zaidi. Sheria ya mikopo ya nyumba ilipitishwa 2008, na kampuni ya kuzikopesha benki mitaji ya mikopo hiyo, TMRC, ikaanzishwa 2010, lakini mkopo wa nyumba bado ni wa wachache. Ripoti ya mthamini huonyesha thamani ya soko na ile ya chini zaidi, ya kuuza kwa haraka. Mnunuzi mwenye barua ya baba inayoeleza zawadi anaweza kumwomba ofisa wa mikopo aihesabu kama mchango wake, ingawa uamuzi ni wa benki. Marekani utaratibu umenyooka: nyumba ya dola 200,000 mzazi akiiuza kwa 180,000, zile 20,000 ni asilimia 10 ya thamani, wakati mikopo inayodhaminiwa na shirika la serikali la FHA hudai malipo ya awali ya kuanzia asilimia 3.5. Mzazi hutia saini barua kwamba hadai kurudishiwa. Zawadi kwa mtu mmoja ikizidi kiwango cha mwaka, dola 19,000 kwa 2025, anaitolea taarifa, ingawa ni wachache wanaoishia kulipa kodi.

Nyumba yenye hatimiliki huhamishwa kwa Msajili wa Hati, kwa fomu za ardhi namba 29, 30 na 35. Isiyo na hati hubaki na karatasi ya mtaa mpaka urasimishaji upite, na jina litakaloandikwa siku ya urasimishaji ndilo linalopiganiwa.

Limebaki jambo moja ambalo fomu hizo hazina nafasi yake. Mzee aliyeuza kwa bei ya undugu mara nyingi haondoki. Anabaki kwenye chumba cha uani, na hilo lilikuwa sehemu ya makubaliano tangu mwanzo. Kwenye ukurasa wa kaunta buku chumba hicho hakitajwi.